Mafuta Makali na Mafuta ya Kupaka: Tuyajue, Tuyapime

Ndugu msomaji, katika somo la leo tutazungumza habari za mafuta. Siyo mafuta ya taa wala ya kupikia. Ni yale mafuta yanayouzwa katika vichupa vidogo, yenye harufu kali: mafuta ya karafuu, ya mkaratusi, ya mchaichai, ya mdalasini. Siku hizi yanauzwa kila mahali. Yapo madukani mjini, yapo kwenye minada, yapo hata ndani ya basi, ambapo kijana husimama katikati ya abiria akahubiri dawa yake toka stendi hadi stendi.

Somo hili limetokana na mambo yaliyotupata wenyewe. Siku moja ya mnada tulinunua kichupa cha mafuta ya karafuu. Muuzaji alituambia, "Mzee, haya ni karafuu halisi ya Pemba. Yanatibu jino, mgongo, presha, sukari, na mtoto anayelia usiku." Tukamwuliza, "Yote hayo kwa kichupa kimoja?" Akacheka, akasema, "Mzee, tumia kwanza, halafu utakuja kunitafuta mwenyewe." Tukalipa.

Jioni ile ile mwenzetu mmoja alikuwa anaumwa jino. Akachukua pamba, akailowesha chapachapa, akaing'ata. Hazikupita dakika mbili akaitema, machozi yanamtoka. Asubuhi ufizi na ndani ya shavu palikuwa peupe, pameungua kama pamemwagiwa maji ya moto. Alikunywa uji wa baridi siku nne. Na jino? Jino liliendelea kuuma kama kawaida.

Tulipompeleka zahanati, muuguzi hakumlaumu muuzaji. Alitulaumu sisi. Alituuliza, "Mlichanganya na nini?" Hatukuwa na jibu, maana hatukujua kama mafuta huchanganywa na mafuta. Hapo ndipo somo lilipoanzia.

MAFUTA NI YA AINA MBILI

Aina ya kwanza tutayaita mafuta ya kupaka. Haya tunayajua tangu utoto: mafuta ya nazi, ya ufuta, ya alizeti, ya karanga, ya nyonyo. Hukaa ndani ya mbegu au kokwa, nasi huyatoa kwa kukamua au kwa kuchemsha. Ni mazito, yanateleza, na yakidondoka kwenye nguo huacha doa.

Aina ya pili tutayaita mafuta makali. Haya hukaa kwenye majani, maua, maganda au magome ya mimea yenye harufu. Ponda jani la mkaratusi mkononi, harufu inayokupanda puani ndiyo mafuta yenyewe yanaruka hewani. Ndiyo tabia yake: yanaruka. Acha kichupa wazi, baada ya siku nyingi utakuta yamepungua bila mtu kuyagusa.

Unaweza kuzitambua aina hizi mbili kwa karatasi tu. Chukua karatasi nyeupe, dondosha tone la mafuta ya nazi upande mmoja na tone la mafuta ya mkaratusi upande wa pili. Acha mpaka kesho. Upande wa nazi utakuta doa linalong'aa, ukiliinua kwenye mwanga utaona linapitisha nuru. Upande wa mkaratusi hutakuta doa la mafuta. Ukilikuta, basi kuna mtu amechanganya mafuta ya kupikia ndani ya kichupa, akakuuzia kwa bei ya mafuta makali.

Karafuu ina kipimo chake kizuri zaidi. Mafuta ya karafuu halisi ni mazito kuliko maji. Chukua glasi ya maji, dondosha matone machache, koroga kidogo, halafu subiri. Mafuta halisi huzama chini. Sisi tulinunua kichupa cha pili kwa muuzaji mwingine kwa bei nafuu, tukakipima hivyo. Matone yote yakabaki yanaelea juu kama mafuta ya kula kwenye mchuzi. Kumbe kile cha kwanza kilichomuunguza mwenzetu ndicho kilikuwa halisi, na hiki cha pili cha bei poa ndicho cha bandia! Lakini kumbuka, kipimo hiki ni cha karafuu, na pia cha mafuta ya majani ya mdalasini. Mafuta ya mchaichai na ya mkaratusi yenyewe huelea hata yakiwa halisi. Usije ukamgombeza mtu bure.

YANATOKAJE?

Katika Tanzania, mafuta makali yanayojulikana zaidi ni ya karafuu. Mkarafuu siyo mti wa kwetu kwa asili. Ulitoka visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ukaletwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mashamba yalipanuliwa sana wakati wa Sayyid Said, na kazi ile ngumu walifanyishwa watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba ikabaki, na hadi leo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi.

Wachumaji huangua vichala, kisha hukaa jioni wakachambua: karafuu upande huu, vikonyo upande ule. Vikonyo hivyo huitwa makonyo. Mtu mgeni angeviona takataka. Lakini pale Wawi, karibu na Chake Chake, kilijengwa kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, nacho kimekamua pia mafuta ya majani ya mkarafuu, mchaichai na mkaratusi.

Tunasema kukamua, lakini kwa kweli hayakamuliwi kama ufuta. Yanatolewa kwa mvuke. Makonyo hujazwa ndani ya pipa kubwa la chuma. Chini hupitishwa mvuke wa maji yanayochemka. Mvuke unapopanda unabeba mafuta pamoja nao. Juu kuna bomba, na bomba hilo hupita katika maji baridi. Mvuke ukipoa hugeuka kuwa maji na mafuta, vikadondoka katika chombo. Kwa kuwa mafuta na maji havipatani, vinajitenga vyenyewe.

Hapa baadhi yenu mtatabasamu, maana mmeshaona mtungi, bomba na maji baridi kwa shughuli nyingine kabisa. Ndiyo, njia inafanana. Ila kilichomo ndani ya pipa sicho, na hapa hakuna mtu anayekimbia akisikia gari la polisi.

Sasa tuangalie mavuno. Kilo 100 za karafuu kavu hutoa kama kilo 15 za mafuta, pengine zaidi kidogo. Kilo 100 za makonyo hutoa kama kilo 5 au 6. Kilo 100 za mchaichai mbichi hazitoi hata nusu kilo. Fikiri maneno haya kwa makini. Kichupa kidogo cha mafuta ya mchaichai kimebeba nguvu ya mzigo wa majani ambao ungejaza toroli. Chai ya mchaichai unaiweka majani matatu. Mtu akikunywesha kijiko cha mafuta yake, amekunywesha shamba. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Hii ni asili tupu, haina madhara," mwambie kwamba hata upupu ni wa asili.

KWA NINI TUNACHANGANYA

Mafuta makali hayapakwi mwilini peke yake. Yanahitaji kubebwa na mafuta ya kupaka. Tuseme unataka kumpeleka mgonjwa mahali: mgonjwa ndiye mafuta makali, machela ndiyo mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi huyasambaza yale makali kwenye ngozi yote, yasirundikane mahali pamoja yakaunguza.

Wengine hudhani maji yatafaa. Hayafai. Bibi mmoja, jirani yetu, alidondosha matone ya mkaratusi katika beseni la kumwogeshea mjukuu wake mwenye mafua. Matone yakaelea juu, yakajikusanya, mtoto alipowekwa majini yakamganda mgongoni na makwapani jinsi yalivyo. Ngozi ikawa nyekundu, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Muuguzi alimwambia, "Bibi, maji hayabebi mafuta. Na huyu ni mtoto mchanga, hata ungechanganya vizuri mafuta haya siyo yake." Yule bibi aliumia sana moyoni. Alifanya kwa upendo. Lakini kichupa kilikuwa na maandishi, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyeyasoma.

KIPIMO

Hapa ndugu msomaji chukua kalamu. Kijiko kimoja kikubwa cha chakula huchukua mililita 15. Vijiko vitatu vya chai ni sawa na kijiko kimoja cha chakula. Mililita moja ya mafuta makali ni kama matone 20. Kwa hiyo kijiko cha chakula kingejazwa mafuta makali matupu, kingekuwa na matone 300. Tukiweka matone 3 tu katika kijiko cha mafuta ya nazi, tumeweka sehemu 1 katika kila 100. Kipimo hicho kinamtosha mtu mzima kwa mafuta mengi.

Karafuu ni kali kuliko hayo. Kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi, weka tone 1 tu la mafuta ya karafuu. Mchaichai, matone 2. Mkaratusi, matone 3, na kwa mgongo wa mtu mzima mwenye ngozi ngumu unaweza kufika 6, usizidishe. Mafuta ya magome ya mdalasini sisi tunasema yaacheni kabisa, yanawasha ngozi za watu wengi.

Kabla ya kupaka mwili mzima, jaribu kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, ngoja mpaka kesho wakati kama ule. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, mafuta hayo hayakupendi. Mpe mwingine, naye ajaribu vilevile. Na mafuta ya maganda ya ndimu au limau usiyapake ukaenda shambani. Jua likipiga mahali pale ngozi huungua na kubaki na madoa meusi kwa muda mrefu.

MAFUTA YA NYUMBANI, BILA KICHUPA CHA MNADANI

Wengi wetu hatuna haja ya kununua mafuta makali. Ukiwa na nazi na karafuu za dukani unaweza kutengeneza mafuta ya kupaka yenye harufu nzuri na nguvu ya wastani. Sisi tunayatengeneza hivi.

Kwanza mafuta ya nazi. Chukua nazi kavu kumi, zilizokomaa. Zikune, zikamue tui zito, lile la kwanza na la pili. Weka tui katika sufuria juu ya moto wa wastani, likoroge. Litachemka, litapanda, litakatika. Endelea. Maji yataisha polepole, utaona mafuta yanajitenga na machicha madogo yanaanza kuwa ya kahawia. Hapo punguza moto. Ukichelewa machicha yataungua na mafuta yatanuka moshi. Wengine hupenda harufu ile, hasa wazee, lakini kwa kazi hii tunataka mafuta masafi. Chuja kwa kitambaa safi kikavu. Maji yakibaki hata kidogo, mafuta yatachacha.

Pili, karafuu. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha karafuu kavu. Ponda kwa kinu kidogo, siyo mpaka ziwe unga, zipasuke tu. Zitie katika kikombe kimoja cha mafuta ya nazi, kile cha mililita 250. Weka mafuta hayo katika bakuli, na bakuli uliweke juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Usiweke mafuta motoni moja kwa moja, maana harufu yote itaruka na karafuu zitakaangika. Acha saa moja na nusu, ukiongeza maji ya sufuria yakipungua. Yakisha poa, chuja, tia katika chupa kavu. Tumia ndani ya miezi miwili au mitatu. Yakinuka uchachu, mwaga.

Unaweza kufanya hivyo hivyo kwa majani ya mchaichai au mkaratusi, lakini kwanza yakaushe kivulini siku kadhaa mpaka yavunjike mkononi. Majani mabichi yana maji, na maji huleta ukungu.

Mafuta haya ya karafuu yanafaa kwa mtu mzima aliyechoka mgongo na miguu baada ya kulima. Paka, sugua kwa mkono, polepole, kuelekea moyoni. Tuseme ukweli: kusugua kwenyewe ni nusu ya dawa. Mkono wa mtu anayekujali unaposugua bega, misuli hulegea hata kama mafuta hayana karafuu. Usiyapake kwenye kidonda, wala karibu na macho, wala sehemu za siri. Mama mjamzito asipake mafuta yenye karafuu au mafuta makali yoyote kabla ya kumwuliza muuguzi wa kliniki.

Kuhusu mafuta ya nyonyo: mafuta yanayouzwa yakiwa masafi ni mazuri kwa nywele na visigino, lakini mbegu za mnyonyo zina sumu kali. Msiwaache watoto wachezee mbegu zile nzuri zenye madoadoa.

JINO, MAFUA, MBU

Karafuu na jino ni marafiki wa siku nyingi. Ndani ya karafuu mna kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hufanya ganzi. Hata madaktari wa meno hukitumia katika saruji ya kuzibia jino. Kwa hiyo wazee wetu hawakukosea. Lakini tumia hivi: tone 1 la mafuta ya karafuu katika nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kula. Chovya ncha ya pamba, iminye, gusa jino lenyewe, siyo ufizi. Tema mate, usimeze. Au rahisi zaidi, bana karafuu moja nzima karibu na jino. Huo ni msaada wa kukufikisha asubuhi tu. Ganzi haizibi tundu. Tundu litaendelea kula chini kwa chini, wewe ukidhani umepona. Na ukiona shavu limevimba, una homa, au mdomo haufunguki, usingoje hata asubuhi. Nenda hospitali, maana usaha wa jino unaweza kuua. Watoto wadogo msiwatie mafuta ya karafuu mdomoni.

Kwa mafua, watu hujifukiza. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, karibu kila nyumba ilikuwa na nyungu yake. Mvuke wa mkaratusi humfanya mtu ajisikie pua imefunguka, na hilo ni faraja. Lakini hauui kirusi cha korona wala hautibu kichomi. Matone 2 au 3 katika beseni la maji ya moto yanatosha, fumba macho. Hatari kubwa zaidi hapa ni maji yenyewe. Weka beseni chini, kwenye sakafu iliyo sawa, siyo mapajani, na watoto wawe mbali. Mtoto mwenye mafua asiingizwe chini ya blanketi na beseni la maji ya moto. Mtoto anayehema haraka haraka, au anayebonyea mbavu akivuta pumzi, huyo anahitaji zahanati sasa hivi. Kila saa inayopita mkijaribu mafuta ni saa mliyomnyima dawa. Na msimdondoshee mtoto mafuta puani, wala msimpake kafuri, ile karafuu maiti, puani au kifuani. Kwa mtoto mdogo harufu kali ya namna hiyo inaweza kumbana pumzi, na kafuri ikiingia mwilini huleta degedege.

Na mbu je? Mchaichai kweli huwafukuza, lakini kwa muda mfupi, pengine saa moja au mbili, kwa sababu mafuta yenyewe yanaruka. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, wakati wewe umelala na mafuta yameshakwisha. Jipake ukiwa umekaa barazani jioni, sawa. Ukiingia kulala, ingia ndani ya chandarua chenye dawa.

YASINYWEKE

Tumefika mahali pa kusoma polepole. Kama unamsomea mwenzio kwa sauti, rudia sehemu hii mara mbili.

Mafuta makali hayanywewi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumwangusha mtoto katika usingizi mzito asiamke, au kumtia degedege. Kiasi kama hicho cha mafuta ya karafuu kimewahi kuharibu ini la mtoto mdogo. Harufu yake ni kama peremende, na mtoto hajui tofauti. Hata mafuta ya mwarobaini, ambayo ni ya aina ya kupaka, siyo ya kumnywesha mtoto. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walitoa taarifa ya watoto wadogo walioumwa vibaya, ubongo na ini, baada ya kunyweshwa mafuta hayo kama dawa ya mafua na kikohozi.

Mtoto akinywa, fanya haya. Usimtapishe. Akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu, na hapo taabu inakuwa mbili. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula eti yapoze. Mfute mdomo, mbebe, mkimbize zahanati au hospitali, na kichupa mchukue nacho. Mganga akikisoma atajua anapambana na nini. Mafuta yakimwagika kwenye ngozi, yafute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, halafu osha kwa sabuni na maji. Yakiingia jichoni, mimina maji safi mengi kwa robo saa, kisha nenda kwa mganga.

Kichupa kikae juu, kwenye giza, mbali na jiko na koroboi, maana mafuta haya hushika moto. Kiwe cha kioo cheusi au cha kahawia, kimefungwa barabara. Plastiki nyepesi huliwa na mafuta ya karafuu ikalainika na kuvuja. Na kamwe, kamwe, msihamishie mafuta haya katika chupa ya soda au ya maji. Chupa ya soda inamwambia mtoto "ninywe." Haijui kusema neno jingine.

Sasa wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, hapa ndipo kalamu yako inapotakiwa. Chukua kipande cha karatasi, andika kwa herufi kubwa, kibandike kwenye kichupa kwa gundi au utomvu:

MAFUTA YA KARAFUU. MAKALI.
SI YA KUNYWA.
TONE 1 KWA KIJIKO 1 CHA CHAKULA CHA MAFUTA YA NAZI.
MTOTO ASIGUSE.
KIMENUNULIWA TAREHE ......

Yule bibi jirani yetu sasa ana kibandiko kama hicho. Aliandika mwenyewe, herufi moja imegeuka nyuma mbele, lakini inasomeka. Kichupa amekiweka juu ya dari.

Tukirudi kwa yule kijana wa mnadani. Kama yupo kwenu pia, mwulizeni mambo machache mbele ya watu. Mafuta haya ni ya mmea gani, na ni ya jani, konyo au ua? Yametengenezwa wapi, na jina la mtengenezaji liko wapi kwenye kichupa? Yamechanganywa tayari au ni matupu? Mwombeni glasi ya maji. Akisema yanatibu presha, sukari au saratani, rudisheni pesa zenu mfukoni. Mwenye presha aliyeacha vidonge vyake kwa ajili ya kichupa hajisikii vibaya siku ya kwanza, wala ya pili. Presha haipigi hodi.

HESABU ZA NYUMBANI

1. Chupa ya mililita 300 inajaa vijiko 20 vya chakula vya mafuta ya nazi. Kikundi cha akina mama kinataka kuichanganya na mafuta ya karafuu kwa kipimo cha tone 1 kwa kijiko. Yatahitajika matone mangapi? Hayo ni mililita ngapi?

2. Ndugu mmoja ametia matone 12 ya mafuta ya mchaichai katika vijiko 3 vya chakula vya mafuta ya alizeti. Je, amepatia? Kama amezidisha, aongeze vijiko vingapi vya mafuta ya alizeti ili kipimo kiwe matone 2 kwa kijiko?

3. Kilo 100 za makonyo hutoa kilo 5 za mafuta. Mkulima mwenye kilo 60 za makonyo atapata kilo ngapi?

Majibu: 1. Matone 20, sawa na mililita 1. 2. Amezidisha, aongeze vijiko 3. 3. Kilo 3.